Paka Mteuzi na Maradhi ya Mkojo: Shauri kwa Watu wa Bonde la Lambwe

Katika bonde la Lambwe, chini ya milima ya Gwassi, ni nadra kuona boma lenye ghala ya mahindi lisilokuwa na paka, maana panya wa huku hawana haya, na gunia lililoachwa bila mlinzi kwa majuma machache hutoboka likabaki makapi. Mlinzi huyo hatunzwi kwa gharama kubwa: hupewa bonge la ugali, vichwa vya omena, na maziwa kidogo siku ng'ombe akikamwa vizuri, na yaliyosalia hujitafutia mwenyewe gizani. Maadamu ana afya na anawinda, ada hiyo haimdhuru sana, kwa kuwa panya na ndege anaowala humpa kile ambacho sahani yake haimpi. Lakini siku anapopatwa na maradhi ya njia ya mkojo, na aghalabu mwenye kupatwa ni yule paka wa ndani, mnene, mvivu wa kuwinda, na mteuzi wa chakula hata akikinusa kitu kigeni hugeuza shingo, mwenye paka hujikuta baina ya mashaka mawili: akipendacho mgonjwa hakimfai, na kimfaacho hakipendi. Makala haya yanakusudia kuyapatanisha mambo hayo mawili, na neno lake kubwa ni hili, kwamba dawa ya kwanza ya paka huyo ni maji, na njia ya kuyafikisha maji mwilini mwake ni chakula, wala si bakuli la maji peke yake.

Hata hivyo, kabla ya habari ya chakula, hakuna budi kutaja hatari ambayo hapana sahani wala supu iwezayo kuiondoa. Paka mwenye maradhi ya mkojo huenda haja mara kwa mara, huchuchumaa muda mrefu, hutoa matone machache, pengine yenye damu, hulia, hujilamba sehemu za siri bila kukoma, na hukojoa mahali pasipo desturi yake, kama vile kitandani, ndani ya beseni au juu ya sakafu ya saruji. Na watu wengi humpiga wakidhani amepotoka adabu, ilhali anaumwa. Akiwa jike, kwa kawaida una wasaa wa siku moja wa kutafuta ushauri kwa utulivu. Akiwa dume, tazama zaidi, kwa kuwa mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba mno, na jiwe dogo, au ute uliochanganyika na chembe za madini, waweza kuuziba kabisa. Dume anayechuchumaa na kujikamua asitoe hata tone, tumbo lake la chini limekuwa gumu, anatapika na kukataa chakula, hana siku mbili za kungojea: uchafu na potasiamu iliyopaswa kutoka na mkojo hujaa katika damu, moyo hupoteza mwendo wake, na katika muda wa saa 24 hata 48 figo huharibika na mauti yaweza kufuata. Wako wadhanio kuwa amefunga choo, wakamnywesha mafuta ya kupikia. Wako wamminyao tumbo ili mkojo utoke, nao waweza kukipasua kibofu. Yote mawili yaachwe, na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa mifugo saa ile ile akatiwe mpira wa mkojo.

Bonde hili limejulikana tangu zamani kwa mbung'o, kwa malale ya watu na nagana ya ng'ombe, na kwa hiyo utabibu wa wanyama wa huku umeelekea zaidi zizini kuliko jikoni anakolala paka. Basi ulizia mapema, paka akiwa mzima, ni daktari gani aliye karibu awezaye kumtia paka mpira wa mkojo. Na kama hayupo, ujue ni nani Homa Bay, Kisii au Kisumu, uiandike namba yake ya simu mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapaona, na utenge sanduku la karatasi gumu lililotobolewa matundu, maana saa ya dhiki si saa ya kutafuta sanduku. Safari ya bodaboda mpaka barabara ya lami, kisha matatu mpaka mjini, hula sehemu kubwa ya mchana, na mchana huo ndio uhai wa mgonjwa.

Asiyezibwa mrija, huyo ndiye anayehusika na shauri la chakula, na yafaa kujua ya kwamba maradhi yenyewe si mamoja. Katika paka wasiozidi miaka kumi, zaidi ya nusu ya wale wenye dalili nilizozitaja hawana jiwe wala vijidudu. Kibofu chao kimewaka tu, na sababu iliyo karibu zaidi na ukweli ni fadhaa ya nafsi ikikutana na mkojo mzito. Wengine wana mawe au fuwele za madini, na mawe yaliyo mengi ni ya namna mbili: struviti, iliyofanyika kwa magnesiamu, amonia na fosfeti, na kalisiamu oksaleti. Maambukizo ya bakteria ni machache kwa paka kijana, nayo huongezeka kwa paka mzee. Kwa hiyo kumnunulia paka vidonge vya mkojo vya binadamu katika duka la dawa ni kubahatisha, na kumpa parasetamoli kwa ajili ya maumivu ni kumuua, maana hata kidonge kimoja kinatosha kumtoa paka roho.

Kuna siri nyingine katika maradhi haya inayowadanganya wengi. Kibofu kilichowaka bila jiwe aghalabu hutulia chenyewe katika muda wa juma moja, utibu usitibu, kisha dalili hurudi baada ya miezi. Matokeo yake ni kwamba kila jirani ana dawa aliyoiona kwa macho yake ikiponya: huyu alimpa paka maji ya limau, yule maji ya magadi, mwingine mizizi fulani ya porini, na kwa kuwa mgonjwa alipata nafuu siku ya tano, sifa zote zikaiendea dawa. Mtu mwenye insafu hapimi chakula wala dawa kwa nafuu ya juma moja. Hupima kwa mwaka mzima, akihesabu ni mara ngapi maradhi yamerudi.

Sasa tuje kwenye maji. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, paka mwitu wa nchi kame, ambaye mwili wake umezoea kupata maji kutoka katika windo, na figo zake zina uwezo mkubwa wa kuyabana maji na kutoa mkojo mchache mzito. Uwezo huo ulimfaa nyikani, lakini humdhuru nyumbani, kwa sababu kiu yake ni dhaifu: akila kikavu hanywi maji ya kutosha kufidia, mkojo unakuwa mzito, na madini yaliyomo hupata nafasi ya kushikana. Tazama hesabu hii. Paka wa kilo 4 huhitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, au zaidi kidogo. Akila gramu 250 za chakula chenye maji kiasi cha asilimia 80, basi amekwisha kupata mililita 200 ndani ya sahani, hata asipoligusa bakuli. Akila gramu 65 za chakula kikavu cha dukani, ambacho maji yake ni kama asilimia 10, amepata chini ya mililita 7, na zote zilizosalia ni juu ya kiu yake ambayo haipo. Omena iliyoanikwa juani iko upande huo huo wa ukavu, na tena huliwa na mifupa yake, kwa hiyo huleta fosforasi na magnesiamu nyingi pasipo maji ya kuzisukuma nje.

Na ugali je? Ugali una maji yake, lakini hauna nyama, na paka ni mla nyama wa kuumbwa. Mkojo wa mla nafaka huelekea kupoteza ukali wake, nayo hali hiyo ndiyo iipendayo struviti. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya, na elimu ya siku hizi imewathibitisha. Panya mzima, kwa kadiri ya theluthi mbili, ni maji. Na kilichosalia ni nyama, mafuta na mifupa kwa kiasi ambacho mwili wa paka umekizoea. Ukitaka kujua chakula chema cha paka kina sura gani, mfikirie panya, kisha ujiulize sahani yako inamkaribia kwa kiasi gani.

Kwa mtu wa Lambwe sahani hiyo haiko mbali. Ziwa li karibu, kuku yupo uani, na bucha liko sokoni. Chemsha nyama ya kuku, au ngege, au kipande cha mbuta, kwa maji matupu, bila chumvi, bila viungo vya paketi, na zaidi ya yote bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kwa hiyo mchuzi uliopikiwa watu usimwagiwe paka hata kama anaulilia. Asiye na uwezo wa kununua samaki mzima anunue mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kwenda viwandani, auchemshe kwa muda mfupi, achambue nyama iliyoshikamana nayo na kuitupa mifupa. Supu yenyewe usiimwage: humo mna maji unayoyatafuta, mna harufu anayoitaka mteuzi, na mna taurini, kirutubisho kiyeyukacho majini ambacho paka hawezi kujitengenezea cha kutosha. Mnamo 1987 daktari Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha ya kuwa paka aliyepungukiwa na taurini hupatwa na maradhi ya moyo, na kwamba akirudishiwa moyo waweza kupona. Kwa hiyo mioyo ya kuku, iliyo na taurini nyingi, ni nyongeza njema katika sahani. Samaki asitolewe mbichi, maana baadhi ya samaki wa maji baridi wana kitu kinachoiharibu vitamini B1, na moto hukiondoa. Wala asiwe chakula cha kila siku, bali apishane na kuku, nyama na yai lililochemshwa. Maini yawe kidogo tu, kwa sababu yakizidi vitamini A hugeuka sumu.

Walakini ni haki kusema kuwa chakula cha kupikwa nyumbani, kikiliwa peke yake kwa miezi, hupungukiwa na vitu ambavyo jicho halivioni, hasa kalisiamu na vitamini. Anayeweza apate chakula cha maji cha makopo au vipakiti kutoka maduka ya mjini kiwe msingi, na kile cha nyumbani kiwe nyongeza. Asiyeweza amwombe daktari ampangie mizani yake.

Hapa ndipo mteuzi anapoanza ubishi wake. Umemwandalia kuku laini katika supu, akainusa, akarudi nyuma hatua moja, akaikwaruza sakafu kandokando ya sahani kana kwamba anafukia uchafu, kisha akakaa mlangoni akakutazama. Usikasirike, wala usiseme kwamba njaa itamfunza. Njaa yaweza kumfunza mbwa. Paka, hasa aliye mnene, akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili wake humiminika katika ini likashindwa kufanya kazi, na utakuwa umemtibu kibofu kwa kumuua kwa ini. Sharti la kwanza la mabadiliko, basi, ni kuwa kila siku inayopita paka awe amekula kitu, hata kama si kile ulichokitaka. Na akipitisha siku nzima pasipo kula, mwulize daktari.

Anza na kile anachokipenda, ukibadilishe kidogo kidogo kwa ndani. Kama ni omena, ioshe mchanga, chukua kiasi anachokula kwa mlo mmoja, itie kijiko kimoja cha maji ya uvuguvugu, ungoje mpaka ilainike. Akiikubali siku mbili au tatu, ongeza kijiko cha pili. Kisha weka chini ya omena hiyo nyama ya kuku iliyochambuliwa, isizidi punje chache za mahindi kwa ukubwa, na kila baada ya siku kadhaa ongeza kuku na upunguze omena, hata robo iwe nusu, na nusu iwe robo tatu. Wako wanaobadilika kwa siku kumi, na wako wanaotaka majuma sita. Haidhuru, maana kibofu kinafaidika na kila kijiko cha maji kilichoingia njiani. Akigoma katika daraja fulani, rudi daraja moja nyuma, utulie hapo, kisha uendelee. Mwisho omena ibaki manukato tu: itwange ikiwa kavu, ihifadhi katika chupa, unyunyize kidogo juu ya chakula kipya.

Kumbuka pia ya kuwa paka hula kwa pua kabla ya ulimi. Chakula kipewe kikiwa na joto la mwili, kwa kuwa joto hutoa harufu. Kiwekwe katika sahani pana isiyo na kina, mbali na kelele na mbwa. Na kipewe kwa nyakati maalumu, asubuhi na jioni, badala ya kuachwa chini mchana kutwa kikikusanya nzi, ili anapokuja aje na hamu. Kumbembeleza kwa sukari ni kazi bure: mwaka 2005 wataalamu wa taasisi ya Monell, Philadelphia, walibainisha kwamba paka hakuumbiwa uwezo wa kuonja utamu. Na maziwa, ingawa huyapenda, huwaharisha wengi, nayo hayashiki nafasi ya maji.

Bakuli la maji lisidharauliwe kwa kuwa nimesema halitoshi. Yawekwe mabakuli mawili au matatu katika pembe mbalimbali, mbali na chakula na mbali zaidi na mahali pa haja, yenye mdomo mpana, na maji yabadilishwe kila siku. Kama maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi, mwekee ya mvua. Waislamu wanaikumbuka habari ya Abu Katada, sahaba wa Mtume, aliyekuwa akitiliwa maji ya udhu, paka akaja akiyataka, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akakata kiu. Adabu hiyo ni utabibu pia: paka anayependa kunywa katika mtungi, au maji yanayotiririka kutoka bombani, apewe kwa namna anayoipenda.

Fauka ya hayo, mpe amani. Uchunguzi wa miaka mingi wa Tony Buffington, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, umeonyesha kuwa paka wenye kibofu kinachowaka bila jiwe huzidiwa na fadhaa, na hupata nafuu mazingira yao yanapotengenezwa. Matanga yenye vipaza sauti usiku kucha, dume la jirani linalovizia dirishani, mtoto anayemvuta mkia, kuhamishwa chumba ghafula: haya kwetu ni mambo ya kawaida, na kwake ni maradhi. Katika siku kama hizo mfungie chumba kimoja kitulivu, chenye chakula chake kile kile, maji, na beseni la mchanga laini. Usichague wakati huo kumwanzishia chakula kipya.

Kuhusu mawe, tahadhari na ujuzi wa kusikia. Katika miaka ya 1970 lawama yote iliwekwa juu ya majivu ya chakula, yaani madini kwa jumla. Baadaye magnesiamu ikapata hatia, na katika miaka ya 1980 viwanda vikaipunguza na kukiongezea chakula vitu vya kuutia mkojo ukali. Struviti ikapungua kweli, lakini oksaleti, ambayo zamani ilikuwa adimu, ikaongezeka sana katika mawe yaliyochunguzwa kwenye kituo cha Carl Osborne, Chuo Kikuu cha Minnesota. Ndiyo sababu limau na siki zisiingie katika sahani: dawa ya jiwe moja ni mbegu ya jingine. Daktari akishapima mkojo na kupiga picha, akaona dalili za struviti, kipo chakula maalumu cha kuiyeyusha kwa majuma machache, na katika majuma hayo paka asichanganyiwe kitu kingine, hata hiyo omena ya manukato, isipokuwa maji. Oksaleti haiyeyuki kwa chakula chochote. Hutolewa kwa upasuaji, na baada yake maji mengi ndiyo kinga.

Utajuaje kwamba unafaulu? Mwekee beseni la mchanga hata kama amezoea kwenda nje, uhesabu mabonge ya mkojo kila asubuhi. Vibonge vingi vidogo ni habari mbaya. Mabonge mawili hata manne kwa siku, makubwa kuliko yale ya zamani, ni habari njema. Mpime uzito kila juma kwa kujipima mwenyewe ukiwa umempakata, kisha ukiwa mikono mitupu, ili ujue kama uteuzi wake unamkondesha. Na kama ni mnene kupita kiasi, apungue taratibu, si kwa njaa. Na atakapopona, usimrudishie omena kavu kwa furaha: kijiko cha maji ulichokianza siku ya ugonjwa kiendelee kuwa sehemu ya mlo wake maisha yake yote.